Kambale Kwenye Matanga Yake Mwenyewe

Siku niliyoaga kazi, nyinyi vijana wa redio mlinipa kiti cha kuegemea, fanta moja kwa watu wawili, na kazi nyingine. "Papa Kakule, utuandikie namna ulikuwa unaandikaka ile mchezo." Basi nimekaa kwenye kiti chenyewe, hapa nyumbani katika mtaa wa Mususa, mgongo unaniuma kwa sababu mlichagua kiti cha kutazama badala ya cha kukalia, na ninaandika. Vyeo na mshahara nitaviruka. Cheo sikupata, na mshahara ulikuwa mfupi kuliko sentensi hii.

Kabla ya redio nilikuwa nauza misumari katika duka moja la katikati ya mji wa Butembo. Huko ndiko nilikoanza kuandika. Tajiri alitaka kibao cha mlangoni, nikamwandikia kwenye kartoni: "Misumari yetu haipindi. Anayepinda ni fundi." Mafundi walikataa kununua kwetu wiki nzima, lakini wapita njia walicheka, na mmoja wa waliocheka alikuwa Papa Désiré, mtu wa sauti wa redio. Akaniuliza kama naweza kuandika matangazo. Nilisema ndiyo haraka sana, maana tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu na ile kartoni mkononi.

Siku yangu ya kwanza alifika mama mmoja aliyepoteza mbuzi. Mwingine angeandika mstari mmoja akamaliza. Mimi nilijiona mwandishi. Niliandika juu ya mbuzi mweusi mwenye macho ya huzuni, aliyeacha pengo katika parcelle, kiwanja cha nyumba ya watu, ambaye bila yeye asubuhi haikuwa tena asubuhi. Msomaji akalisoma tangazo kwa sauti ya machozi. Kabla ya saa sita uwanja wa redio ulijaa mbuzi weusi, na mkiwatazama vizuri mbuzi, wote wana huzuni. Mama akawazunguka, akasema wake hayumo, lakini yule wa kwenye kona anampenda zaidi.

Papa Désiré alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

"Sasa wee Kakule, ile huzuni njo itarudisha mbuzi? Sema sikio ya kushoto imekatwa. Sema anachechemea. Batu banatafutaka kitu ya kuona!"

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na nililipata huku mbuzi wakimaliza maua ya mbele ya biro, ofisi yetu.

Papa Désiré huyo mmemkuta mzee, hamkumjua kwenye nguvu zake. Mvua aliifanya kwa maharage kwenye sinia. Pikipiki aliifanya kwa mdomo, na alikuwa anabadilisha vitesi, yaani gia, kweli. Kengele ya kanisa ilikuwa janti, chuma cha gurudumu la lori, iliyofungwa kwa waya darini, anaipiga kwa nyundo. Mikro, kipaza sauti chetu, ilikuwa moja, kwa hiyo waigizaji walisimama wamebanana, na aliyekula kitunguu alijulikana. Mashine ya kurekodi ilikuwa na ugonjwa wake, donc kila kitu kilikwenda hewani palepale. Ukikosea, Butembo yote imesikia, na kesho muuza mkate anakusahihisha.

Ndipo nilipoombwa kuandika mchezo wa kila wiki. Nikafikiri: nikitumia familia ya watu, nitapigwa. Nitumie yetu. Nikaandika juu ya mama mjane na wanawe watatu: Paluku mwenye duka, Kasereka anayehubiri hata asipoombwa, na Kakule mvivu, ambaye ni mimi, ili mtu asiseme nimemsema.

Wiki ya pili tu, mwendesha pikipiki alinipakia kutoka sokoni, na badala ya kuniuliza ninakwenda wapi akaniuliza, "Papa, na Kambale mulimutia wapi?"

Muuza mkate akauliza vilevile. Sista mmoja akauliza. Barua sikuletewa, ila nilisimamishwa barabarani mpaka nikaanza kupitia vichochoroni. Directeur wetu, mtu wa Kasai ambaye serikali ilimleta kwanza kama mwalimu, akaniita bironi kwake.

"Papa Kakule, huyu Kambale ni nani? Kila mutu anamuuliza. Ameiba?"

Nikamweleza. Kwa sisi Wanande mtoto wa kiume wa kwanza anaitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na tunaendelea hivyo mpaka mama achoke. Mtu akisikia Kasereka katika nyumba, anajua kuna Kambale mbele yake. Hata kama alikufa, nafasi yake haichukuliwi na mwingine.

"Donc umeruka mutu," akasema Directeur.

"Nimeruka mutu."

"Mais juu ya nini?"

Kwetu nyumbani pia ilikuwa hivyohivyo. Wakubwa wangu ni Paluku na Kasereka. Kambale alikufa kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyemtaja. Nikiwa mdogo niliuliza mara moja, mama akatoka nje kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Tangu siku hiyo nilizoea kuhesabu ndugu zangu nikimruka, na nilipoandika, mkono uliruka wenyewe.

Jumapili ile baada ya misa nilikwenda kwa mama. Jirani wote walimwita Mama Paluku, kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Nilimkuta jikoni anasonga bukari, ugali wetu, na redio yake iko juu ya kabati, imezimwa. Redio ya mama haikuzimwa hata wakati wa rozari; aliipunguza tu. Nikajua kuna vita.

"Wabukire, mama," nikamsalimia.

Mwiko unazunguka.

"Mama, ni nini?"

"Ni weye njo unaniuliza?" Akauweka mwiko chini. "Unatangaza nyumba yangu mu redio, dunia yote inasikia, na mutoto wangu unamuruka! Batu basema nini? Basema Mama Paluku hapana kuzaa yeye?"

"Mama, mimi simujui. Hakuna mutu alinielezaka kitu. Nitamuandika namna gani? Alikuwa mutu wa namna gani?"

Alinitazama muda mrefu hata bukari ikaanza kuungua, na mama yangu hakuwahi kuunguza bukari. Kisha akavuta kigoda, akakaa, na uso wake ukabadilika. Nilimwona anataka kucheka.

"Yule?" akasema. "Yule alikuwa mutundu. Wee acha tu."

Akanisimulia kwamba Kambale alimfunga mbuzi wa katekista kwenye kamba ya kengele ya kanisa, mchana kweupe. Mbuzi akawa anavuta humo ndani kufuata maua ya altare, kengele inalia. Watu wakatoka mbio mashambani, wengine na majembe, wakidhani padri amefika bila taarifa. Wakapiga magoti wote nje, na mlango ulipofunguliwa akatoka mbuzi. Mama alijua rangi ya mbuzi, kahawia mwenye doa tumboni. Alijua kwamba katekista alikuwa na kandambili ya bluu mguu mmoja na nyekundu mguu wa pili. Nilicheka hadi machozi, na sijui yalikuwa machozi ya nini, maana nilikuwa nampata kaka yangu nikiwa na mvi.

Wiki iliyofuata Kambale aliingia hewani. Papa Désiré aliipiga ile janti kwa moyo wote, na aliyefanya sauti ya mbuzi alikuwa mhasibu wetu, ambaye mpaka hapo hatukujua kama ana kipaji chochote. Mji ulicheka siku tatu. Motari yule wa sokoni, mwenye pikipiki, alinibeba bure.

Sasa mnisikilize, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila Jumapili baada ya misa nilikwenda jikoni kwa mama na biki, kalamu yangu, na karatasi za matangazo, upande wa nyuma. Nilikuwa namuuliza kitu kimoja tu: "Na wiki hii alifanya nini?" Mama anasonga, au anachambua maharage, au anatwanga majani ya sombe, na Kambale anatoka. Kama nilijaribu kupamba, alinikemea.

"Usiseme alikuwa mujanja. Mujanja, mujanja, hiyo ni nini? Sema ile alifanya. Batu basema bo benyewe."

Ni somo lilelile la Papa Désiré, na wale wawili hawakuwahi kukutana. Baadaye nilipokwama kwenye sehemu yoyote, nilifunga macho nikausikiliza mwiko ule. Nyinyi mnafungua kompyuta. Sisemi kitu.

Zilikuwepo habari zilizonisumbua kidogo. Siku moja Kambale alipanda lori la kabichi mpaka Kanyabayonga, na barabarani dereva alipochoka akashika usukani yeye.

"Mama, alikuwa na miaka ngapi?"

"Alikuwa mukubwa wa mwili."

Wiki nyingine alijifanya mfanyabiashara aliyerudi kutoka Dubai, akauzia watu mabeseni yaleyale ya mama zao, aliyoyabandika karatasi zenye maandishi ya Kichina. Nikasema, mama, wakati wenu Butembo kulikuwa na vitu vya Kichina? Akasema, "Kula, bukari inapoa." Mama akisema bukari inapoa, mazungumzo yamefungwa. Nilikula. Nilikuwa na mchezo wa kuandika, na sikuwa na sababu ya kugombana na chanzo changu pekee.

Baada ya muda Kambale alitushinda wote. Paluku na Kasereka wa mchezo walibaki watu wa kufungua mlango. Ndugu zangu wenyewe, wale wa kweli, walinuna. Paluku alisema kama angejua angezaliwa wa pili. Redio ya Beni ikaanza kuurusha mchezo wetu, tukaalikwa huko kuucheza mbele ya watu. Akina Kambale wa Beni walijipanga kutupokea, kundi zima, wazee na watoto wachanga, kila mmoja anasema ule utundu ni wake. Mmoja alikuwa askari polisi. Alisema ya mabeseni ni yeye, lakini nisiandike.

Siku hizo Beni ilikuwa katika vipindi vyake vibaya vya mauaji, mnajua ninachosema. Tulipomaliza, mama mmoja alinishika mkono, hakuuachia.

"Papa, wasingya, asante. Huyu mutoto asikufe. Kufa tuko nayo huku. Musituletee ingine mu redio."

Nikamwahidi. Kuahidi ni rahisi ukiwa umeshiba kuku ya watu.

Sasa, Directeur. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mawazo. Siku moja akanikalisha, akafunga mlango.

"Papa Kakule, ile teatre inalala. Kucheka, kucheka, kila wiki kucheka. Batu banapenda kulia! Inafaa mutu akufe."

"Tuue Kasereka," nikasema. "Hata ndugu yangu hatajali."

"Hapana. Kambale. Ni yeye batu banapenda. Na kama hapana yeye, ninafunga teatre, tunaweka muziki."

Nilimbishia. Nilimwambia habari ya yule mama wa Beni. Akaniambia machozi ni kitu kizuri, yanasafisha. Papa Désiré aliposikia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miye sitapiga misumari ya ile sanduku ya maiti. Waambie batafute mwingine."

Nilibakiza kumwambia mama. Nilifika katikati ya wiki, na aliponiona siku isiyo yangu akajua. Nilimwambia moja kwa moja: wanataka Kambale afe, asipokufa mchezo unafungwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake na mikono mapajani, akaonekana mdogo kuliko nilivyomjua.

"Huyu mutoto nilishamuzika mara moja," akasema. "Mara ya pili mutaenda bila miye."

Nilikuwa na aibu na nilikuwa na hasira. Nilisimama ili niende, nikamwambie Directeur aweke muziki wake, mimi nirudi kwenye misumari. Nikiwa mlangoni, nikasikia nyuma yangu mwiko umeanza kuzunguka tena.

"Kakule. Rudi. Biki iko wapi?"

Wiki ile tulitangaza kwenye mchezo kwamba lori la kabichi limepinduka njia ya Kanyabayonga na Kambale hayuko tena; sanduku litafika wiki ijayo. Directeur alinishika mkono kwa mikono miwili. Aliniambia nimekomaa.

Lakini hakuijua Butembo. Kwetu mtu akifa, watu hawakai nyumbani kusikitika. Wanakwenda kwenye matanga na kuni, na maharage, na unga, wakae na wenye msiba. Sasa Kambale alikuwa hana nyumba, isipokuwa redio. Kesho yake asubuhi akina mama walianza kuingia uwanjani na mafungu ya kuni kichwani. Wakaweka mafiga matatu mbele ya biro. Wanaume wakaleta mabenchi na turubai. Chama cha waendesha pikipiki kikaleta mchele. Padri akanipigia simu ananiuliza kwa sauti ya chini: watu wanaomba misa ya marehemu, je, huyu mtu alibatizwa? Nikamwambia aahirishe kidogo, kuna kitu hakijathibitishwa.

Directeur alikuwa anapita katikati ya watu wanaoimba ili afike kwenye kiti chake. Walimpa pole. Mmoja alimwambia, "Weye njo mukubwa wa nyumba, utasema neno," na akasema neno. Nilimwona anajifuta jicho. Nilikaribia kumhurumia.

Siku ya mchezo ilipofika, uwanja ulikuwa umejaa na redio iko juu ya dirisha. Ndani, Papa Désiré alifanya sauti ya lori, akafanya sauti ya watu wanaoshusha kitu kizito. Mama wa mchezo akalia. Kasereka akaanza mahubiri marefu, kwa kawaida yake. Kisha ikasikika sahani. Mtu anakula. Anatafuna karibu kabisa na mikro, kwa raha zake.

Kasereka akakatiza mahubiri: "Ni nani ule anakula mbele ya sala?"

Na sauti ya Kambale, mdomo umejaa: "Samahani, kaka. Nimetoka mbali. Haya maharage ni matamu. Ni nani alikufa?"

Uwanja ule ulipiga ukelele ambao mikro iliunasa kupitia ukuta. Sandukuni mlikuwa na kabichi. Kumbe, mchezoni, dereva alizusha kifo ili akwepe ushuru wa vizuizi vya barabarani. Directeur alikuja mbio mpaka mlango wa studio, lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka, na sheria ya taa nyekundu aliiandika yeye mwenyewe. Alisimama nyuma ya kioo, anafungua mdomo na kufunga. Tulipotoka, akina mama walikuwa wamepakua chakula cha msiba kwa furaha, na walikuwa wamempa sahani yake. Alikula. Akaongeza.

"Ni nani alikupa ile mawazo?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Kwenda huko," akasema, na hakuzungumza tena habari ya kuua mtu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Kambale pamoja naye. Alifariki mwaka jana, akiwa mzee, kitandani mwake, redio juu ya kabati inaongea kwa sauti ndogo. Watu walikuja na kuni na maharage, safari hii nyumbani kwetu. Mama mdogo Kahindo, mdogo wake pekee aliyebaki, alifika kutoka Beni. Tulikaa naye pembeni ya moto, na kwa kuwa nilitaka kumsikia mama kidogo tena, nikamwambia aniongezee habari za Kambale. Yeye alikuwepo. Ile ya mbuzi na kengele, kwa mfano.

Akasogeza ukuni motoni.

"Kambale gani?"

"Kambale wetu, mama mudogo. Mukubwa wa Kasereka."

"Mwanangu," akasema taratibu, "Kambale hakumaliza hata mwezi. Alikuwa hajajua hata kucheka. Mama yako alimubeba siku ile yote, akakatalia batu kumutoa mu mikono."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani? Na kengele gani? Kule tulikuwa tunapigaka janti."

Nikaliona lori, mabeseni, kandambili za rangi mbili. Miaka yote nilikuwa nachukua karatasi zangu kutoka jikoni kwenda mikroni, watu wananiita mwandishi, na mimi nashika kofia. Nililia, mbele ya watu, kwa sauti, na katikati ya kulia nikaanza kucheka, na mama mdogo akadhani ni msiba umenizidi, akanipa maji.

Donc, vijana, mliniuliza namna nilivyokuwa naandika. Ndiyo hiyo. Na sasa mnajua kwa nini siku yangu ya mwisho nilichukua karatasi ya mtangazaji nikabadilisha mstari wa chini. Mlizoea kusoma kwamba mchezo umeandikwa na Kakule. Nilifuta, nikaandika: umeandikwa na Mama Kambale. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo, hata siku moja. Nilitaka hewa yote ya Butembo na Beni imwite hivyo angalau mara moja, na ikamwita.

Simu za studio zilianza kulia palepale, mnakumbuka, na mlikuja kuniuliza mjibu nini. Watu walikuwa wanamsalimia Mama Kambale, halafu wanauliza kijana mwenyewe yuko wapi siku hizi. Jibu ni lilelile nililowapa mlangoni, na anayechukua kalamu baada yangu asilibadilishe: ametoka kidogo, mumuwekee chakula.